Tairi Ilikuwa na Miaka 19, Abiria Alikuwa na 18

Wasee, leo ni historia. Msitoroke bado, hakuna Mkutano wa Berlin hapa wala tarehe za kukariri za mtihani. Hii inaanza na watu wa rika letu wakitoka sherehe.

Septemba 2012. Kusini mwa Uingereza kuna kisiwa kinaitwa Isle of Wight, na miaka hiyo kulikuwa na tamasha la muziki huko, Bestival. Mahema, matope, nguo za ajabu ajabu, siku kadhaa bila kulala vizuri. Jumatatu tarehe 10 sherehe imeisha, na kundi la vijana limepanda basi la kukodi kurudi Liverpool, mwendo wa usiku. Hiyo hali unaijua. Viatu vimetolewa, simu imebaki asilimia nne, mtu amelalia bega la mtu ambaye hata hawajuani sana. Ni sisi kabisa tukirudi Nairobi kutoka Naivasha, Jumapili jioni baada ya Safari Rally.

Muda mfupi kabla ya saa sita usiku, kwenye barabara ya A3 karibu na Hindhead, tairi ya mbele ilipasuka. Basi likaacha barabara, likagonga mti. Watu watatu walikufa, dereva na abiria wawili. Mmoja wa hao abiria alikuwa Michael Molloy, mwanamuziki kijana wa miaka 18.

Wachunguzi walipoifikia ile tairi na kuangalia ilitengenezwa lini, walikuta ina miaka 19.

Soma tena hapo. Tairi ilikuwa imemzidi abiria umri. Wakati mama yake Michael anamlea mtoto, anampeleka shule, anamnunulia gitaa au chochote alichokuwa anapiga, hiyo tairi ilikuwa tayari duniani inamngojea. Mimi nikifika hapo kwa hii stori huwa naweka simu chini kidogo.

Na hapa ndipo inauma zaidi: hiyo tairi ilikuwa halali. Meno yake yalikuwa na kina kinachotakiwa. Sheria ya Uingereza wakati huo iliuliza tairi ina meno kiasi gani, imekatika, imevimba? Ina miaka mingapi, hilo swali halikuwemo kabisa. Askari angelisimamisha basi lile saa moja kabla ya ajali, akamulika tairi na tochi, angeliruhusu liende.

Sasa, kwa nini umri wa tairi ni kitu? Wengi wetu tukisikia tairi mbovu tunafikiria kipara tu. Kipara ni rahisi, hata mtoto anakiona. Uzee ni kitu kingine, na ili kuuelewa lazima turudi nyuma hadi 1839.

Mwaka huo Mmarekani mmoja, Charles Goodyear, alikuwa amepoteza miaka na pesa akijaribu kuufanya mpira uwe kitu cha maana. Mpira mbichi kutoka kwa mti ni msumbufu: ukipata joto unanata kama ubani uliokwama kwa kiatu, ukipata baridi unakauka na kupasuka. Goodyear aligundua kwamba ukiuchanganya na salfa kisha ukaupasha moto, unatulia. Fikiria tambi ndefu zilizolegea kwa sufuria. Salfa inazifunga tambi hizo moja kwa nyingine, vifundo vidogo vidogo, mpaka zinakuwa kitu kimoja kinachovutika na kurudi. Alipata hataza yake 1844. Alikufa 1860 akiwa na madeni ya kama dola 200,000. Ile kampuni kubwa ya matairi yenye jina lake ilianzishwa 1898 na watu wengine, yeye amekwisha kufa miaka 38. Jina walichukua, pesa hakuona.

Tairi yenye upepo ilikuja baadaye. Mskoti Robert William Thomson aliwaza hiyo kitu katika miaka ya 1840, dunia ikaisahau, kisha 1888 John Boyd Dunlop akaitengeneza upya kule Belfast kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mtoto wake. Baada ya hapo kila mtu akataka mpira, na ulikotolewa kwa damu ni jirani zetu wa Kongo, chini ya Mfalme Leopold, watu wakikatwa mikono. Hiyo inahitaji post yake peke yake na nitaiandika, siwezi kuipitisha hapa kwa sentensi mbili halafu niendelee kama hakuna kitu.

Turudi kwa zile tambi. Shida ni kwamba ule upishi wa Goodyear hauishi kiwandani. Joto na oksijeni vinaendelea kuupika mpira polepole, miaka yote, hata ukiwa umekaa tu. Vifundo vingine vinaongezeka, tambi zingine zinakatika, na mpira unaanza kuwa mgumu, hauvutiki tena. Chukua rababendi ya zamani iliyofungwa kwa kitita cha risiti kwa droo ya mama. Haijafanya kazi yoyote miaka kumi. Ivute uone. Inakatika vipande vipande kwa vidole.

Watengenezaji wanajua hili, si siri. Wanaweka dawa ndani ya mpira za kupunguza kuzeeka, na nta fulani ambayo inapanda juu taratibu na kuukinga dhidi ya ozoni ya hewani. Lakini tairi ikitembea, ndiyo inajikunja na kujinyoosha, na kule kujikunja kunasaidia nta ifike juu. Tairi iliyopaki haijikunji. Kwa hiyo gari la wikendi, lile la "nalitoa tu kwenda shags", linaweza kuwa na tairi zenye meno mazuri kabisa na ubavu uliojaa nyufa. Na spea, ile iliyolala kwa buti kama mfalme, inazeeka na meno yake yote mdomoni.

Na nyufa za nje ni zile unazoziona. Ndani ya tairi ya siku hizi kuna mikanda ya nyaya za chuma iliyoshikanishwa na mpira. Mpira huo wa katikati ukichoka, mikanda inaanza kuachana, na huko hakuna jicho linalofika. Basi likiwa kwa mwendo, jua limewaka, mzigo umejaa, sehemu ya juu inabanduka nzima. Kama umepita Mombasa Road umeviona vile vipande vyeusi vimelala kando kama ngozi ya nyoka.

Sasa njoo tuangalie namba. Kwenye ubavu wa tairi kuna maandishi mengi, lakini tafuta palipoandikwa DOT. Mwisho wa msururu huo, mara nyingi ndani ya duara refu kama yai, kuna tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Wakati mwingine zimechapwa upande mmoja tu wa tairi, na kwa bahati yako huo upande utakuwa umeangalia ndani, itabidi uingie chini ya gari.

Tarakimu nne zilianza mwaka 2000. Kabla ya hapo zilikuwa tatu: wiki mbili, mwaka moja. Yaani tairi yenye 235 ni ya wiki ya 23 ya mwaka unaoishia na 5. Mwaka gani? 1985? 1995? Chagua mwenyewe. Miaka ya tisini ilibidi wengine waongeze kialama cha pembetatu angalau watu wajue ni muongo upi. Nikiwaza hiyo tarakimu moja najua kichwani mwao: aliyeipanga hakudhani mtu mwenye akili atatembea na tairi zaidi ya miaka kumi. Hakuwajua binadamu vizuri.

Mwaka huo huo wa 2000 Marekani ilikuwa inawaka moto kwa sababu ya matairi. Tarehe 9 Agosti, Firestone ilitangaza kurudisha matairi milioni 6.5, mengi yakiwa kwenye magari ya Ford Explorer. Mikanda ilikuwa inaachana na tairi, gari linapinduka. Idadi ya vifo vilivyohusishwa na matairi hayo ilipita 200. Ford ikasema shida ni tairi. Firestone ikasema shida ni gari, tena Ford ndiyo ilikuwa imewaambia watu waweke upepo wa 26 badala ya 30. Kampuni hizo mbili zilikuwa zimefanya biashara pamoja karibu miaka 100, zikaachana 2001. Udaku kidogo hapo: mwenyekiti wa Ford wakati huo, Bill Ford, ni kitukuu cha Henry Ford na pia kitukuu cha Harvey Firestone. Hiyo vita ilikuwa ya kifamilia.

Kosa la matairi yale lilikuwa zaidi la muundo na utengenezaji, siwezi kuwadanganya kwamba ni umri peke yake. Lakini kitu kimoja kilijitokeza ambacho sisi huku lazima tukisikie. Ajali zile zilirundikana sana kwenye majimbo ya joto: Arizona, Texas, Florida, California. Na tairi hazikuwa zinafeli zikiwa mpya, zilikuwa zinafeli baada ya kukaa barabarani miaka kadhaa. Joto na muda, wakishirikiana. Baadaye serikali ya Marekani ilipotaka kuchunguza jinsi tairi zinavyozeeka, matairi ya kupima yalikusanywa Phoenix, Arizona, jangwani. Hawakwenda kuyatafuta kwenye theluji. Wewe hapo Garissa, wewe Lodwar, wewe unayepaki Mombasa kwa jua la saa saba, hiyo inakuhusu kuliko inavyomhusu mtu wa London.

Kutoka 2005 Ford yenyewe ikaanza kuwaambia wateja wabadilishe tairi baada ya miaka 6 hata kama meno yapo. Michelin inasema ikifika miaka 5 ikaguliwe kila mwaka, na ikifika 10 itoke, hata kama inaonekana safi. Kampuni zinatofautiana hapo kati, lakini ukiangalia vizuri hakuna anayesema 19.

Sasa rudi Liverpool. Mama yake Michael anaitwa Frances Molloy. Angeweza kulia nyumbani, hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake alijifunza matairi. Mama aliyefiwa akaanza kuongea lugha ya nyaya, ubavu na tarehe za kiwandani, akaanzisha kampeni iliyoitwa Tyred, akawa anagonga milango ya wanasiasa na swali moja: kwa nini hiki kitu ni halali?

2013 serikali ilitoa ushauri kwa wenye mabasi, kwamba tairi zenye zaidi ya miaka 10 zisiwekwe mbele. Ushauri. Unajua ushauri unavyofanya kazi kwa mtu mwenye mabasi kumi na deni la benki. Frances hakukubali kuishia hapo. Mbunge Maria Eagle, anayetoka huko kwao, alipeleka mswada bungeni. Serikali ikasema ushahidi hautoshi, ikaagiza utafiti. Miaka inaenda. Vijana waliotoka hai kwenye lile basi wanamaliza chuo, wanapata kazi, wengine wanaoa.

Utafiti ulipomalizika ulionyesha kwamba tairi kuukuu hufeli kwa njia hatari ambazo macho hayawezi kuziona mapema, jambo ambalo huyo mama alikuwa analisema tangu mwanzo. Julai 2020 sheria ikatangazwa. Tarehe 1 Februari 2021 ikaanza kazi: lori, basi na kochi haviruhusiwi kuwa na tairi ya zaidi ya miaka 10 kwenye ekseli ya mbele. Minibasi haziruhusiwi kwenye gurudumu lolote lililo peke yake. Na tarehe lazima isomeke.

Kwa nini mbele? Kwa sababu basi kubwa nyuma lina tairi pacha, moja ikipasuka nyingine inabeba. Mbele kila upande una moja tu, na ndiyo imeshika usukani. Sasa tafsiri hiyo kwa lugha ya stage. Ile mathree yetu ya abiria 14 mara nyingi haina pacha popote. Tairi nne, kila moja iko peke yake. Kwa sheria ya Frances, zote nne zingehesabiwa.

Kutoka ule usiku wa A3 hadi siku sheria ilipoanza ni miaka minane na zaidi kidogo. Hiyo namba ilikuwa imechapwa kwenye mpira muda wote, bila kufichwa, kitu ambacho mtoto wa darasa la nne anaweza kusoma.

Najua kuna mtu hapo chini ataandika "hiyo ni Ulaya, wana pesa". Poa. Hebu tuongee Kenya.

Sisi si watu wasiojua mambo ya umri. Muulize yeyote anayeagiza gari kutoka Japan. Kiwango cha KEBS kinasema gari lililotumika lisizidi miaka 8 kuingia nchini, na kila Januari unaona watu wanavyohangaika na hesabu hiyo. Tunajua mwaka wa gari kwa herufi za namba ya usajili. Mtu atakuambia "hiyo ni KDA" kama anataja ukoo. Sasa muulize huyo huyo tairi zake ni za mwaka gani. Kimya.

Na tairi kuukuu hatuzikosi. Kiwanda kikubwa kilichokuwa kinatengeneza matairi Nairobi, kile kilichoanza kama Firestone East Africa na baadaye kikawa Sameer Africa wenye Yana, kilisimamisha utengenezaji 2016. Mpya zinakuja kwa meli, na za bei nafuu ni zile za mitumba tunazoziita ex-Japan, zimepangwa kando ya barabara, zimepakwa kitu cheusi zing'ae. Siwatukani wanaouza wala wanaonunua. Ukipiga hesabu ya tairi nne mpya na mshahara wa watu wengi, unaelewa mara moja. Ninachouliza ni kwa nini kwenye hayo mazungumzo yote ya bei, tunaulizana saizi na meno, na hakuna anayeinama kusoma namba. Kuisoma ni bure. Na ukiisoma, hata bei utaipangua vizuri.

Usiniambie pia kwamba hatuwezi kubadilika. Februari 2004 matatu ziliamka na sheria za Michuki: mikanda, vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, mstari wa njano, idadi ya abiria. Kabla ya hapo watu walikuwa wananing'inia mlangoni kama nguo kwa kamba, na kila mtu aliapa kwamba haiwezekani. Imelegea tangu wakati huo, ndiyo, nyote mnapanda hizo gari mnajua. Lakini kuna kipindi iliwezekana, na wazazi wetu wanakikumbuka.

Wakati naandika hii nilishuka parking na tochi ya simu kwa gari ya mjomba. Ni ya 2012, na kila Desemba inabeba watu saba hadi Kakamega, mimi nikiwa nyuma kabisa na mifuko ya unga kwa magoti. Tairi za nyuma ni mpya, 2022. Za mbele, ambazo alinunua ex-Japan na akazisifia mwezi mzima, ni 0814. Wiki ya nane ya 2014. Nikafungua buti. Spea ilikuja na gari kutoka Japan, haijawahi kugusa lami, bado ina vile vinywele vya mpira vya kiwandani. 4411. Wiki ya 44 ya 2011, imezeeka kuliko gari lenyewe.

Nikampigia simu.

"Mjomba, unajua spea yako iko na miaka 14?"

"Wewe kijana, hiyo ni mpya kabisa! Haijawahi kutumika!"

Tulibishana karibu nusu saa. Nikamsomea stori ya Michael, nikamtumia picha za namba. Akanyamaza, akaniuliza polepole, "Na zile za mbele?" Nikamwambia. Hakusema kitu, akakata simu.

Jumamosi alienda kununua mbili mpya za mbele, spea akasema ni mwezi ujao, na hizo namba alizisoma mwenyewe dukani amepiga magoti huku muuzaji anamwangalia kama amechanganyikiwa. Zile za 2014 sasa ziko nje ya geti. Jana jirani alikuja kuuliza anaziuza ngapi, anasema meno bado yako poa. Mjomba akamwambia haziuzwi, zinaenda kwa fundi wa akala.